Tonge Ulilolitema

Kabuku, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Umefungua kopo ukitafuta mbegu, umekuta karatasi. Usimkasirikie mama yako. Aliyezitoa ni mimi. Nimezimwaga kwenye makaa mchana huu, ulipokwenda kumuaga shangazi yako, na nimechutama palepale jikoni mpaka ya mwisho ikapasuka. Huenda sasa hivi unasema, "Huyu mzee na roho yake mbaya, hata mbegu za mumunye ananinyima." Sema tu. Baba yako amewahi kusema maneno hayohayo juu ya mtu mwingine, na hapo ndipo yalipoanzia yote ninayotaka kukuambia.

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku, ya kumwamkia mume wa mama yako mdogo kila asubuhi, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu na atayasema tena kesho basi likiwa linanguruma. Mimi sina hayo. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka kumi na miwili kama mtu aliyekalia siafu akijifanya hasikii.

Jana uliponionyesha kopo hili la majani ya chai ulikuwa unacheka. "Baba, nimekuokotea urithi." Ukanieleza kwamba masika iliyopita uliona mmumunye umeparamia ukuta wa gofu la Bibi Chiku, pale ambapo hakuna mtu wa kijiji hiki anayekanyaga, ukaingia, ukachuma tunda lililokomaa, ukazianika mbegu zake kwa majivu. Ukasema kule Korogwe unakokwenda kusomea ualimu, nyumbani kwa mama yako mdogo, umepewa chumba cha ghorofani chenye roshani, nawe utapanda mamumunye kwenye madebe, "kama yale yako ya zamani yenye maua ya njano." Nilishangaa kwamba unayakumbuka maua. Ulikuwa na miaka minne. Nikakuuliza kama ulilionja lile tunda. Ukasema gamba lilikuwa gumu, hukulionja. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili mumunye, ukanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, ukaenda zako kusukwa nywele.

Sikuwa nimerukwa na akili. Niliogopa. Naogopa mpaka sasa.

Kabla hujazaliwa nilipanda Dindira kutafuta kazi ya kuchuma chai, nikaishia kuwa mtunza bustani nyumbani kwa meneja. Mzigua wa nyikani, nimezoea jua, kule mlimani nilitetemeka miezi mitatu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, na huko juu ilikuwa na roshani pana inayotazama bonde. Mke wa meneja, tuliyemwita Memsabu, alipenda mboga za kwao, lakini bustani ya chini ilikuwa mali ya nyani. Unapanda leo, wao wanavuna kesho, tena wanakaa juu ya ua wakikutazama. Basi akazipandisha mboga zote juu kwenye roshani, ndani ya vyungu, na mbwa akalala hapohapo.

Pale ndipo nilipojifunza kwamba mmea hauulizi shamba lako lina ukubwa gani. Toboa chungu chini, weka changarawe, jaza udongo wa msituni uliochanganywa na samadi iliyooza, mwagilia shinani asubuhi, si juu ya majani. Mumunye la Kizungu halitambai. Linasimama mahali pamoja kama kichaka. Lina maua dume na maua jike, na nyuki wakichelewa kupanda huko juu unachukua unyoya wa kuku, unagusa dume, unagusa jike, kabla jua halijawa kali. Kazi hiyo niliipenda, nisikufiche. Wenzangu walinicheka wakisema Salimu amekuwa mkunga wa maua.

Pembeni mwa roshani palikuwa na vyungu vingine vinne. Humo Memsabu alipanda viboga vidogo vya pambo, vyenye mistari ya kijani na njano, vingine vimejaa chunjua mwili mzima. Haviliwi. Alivikausha, akavipaka mafuta, akavipanga kwenye bakuli juu ya meza ili wageni wavisifu. Mimi niliona ni upuuzi, mtu mzima kuhangaika kumwagilia kitu kisichoingia tumboni. Nyuki hawakuona upuuzi wowote. Walitoka kwenye viboga wakaja kwenye mamumunye. Na unyoya wangu pia, siku ambazo nilikuwa na haraka, ulitoka kule ukaja huku.

Siku moja Memsabu alinikuta natenga mbegu kwenye kitambaa. Akasema, kwa Kiswahili chake kile, "Salimu, mbegu ya hapa hapana panda. Haribika. Mimi nunua mpya kila mwaka." Nikaitika vizuri, ndiyo Memsabu. Moyoni nikasema, huyu na roho yake mbaya, hata mbegu ananinyima. Anataka mtu mweusi anunue pakiti mpaka kiama. Uhuru tulikuwa tumeshaupata, redio inatuambia tujitegemee, na mimi nikaona kujitegemea kwangu kutaanzia kwenye mbegu. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Tulikosea wote wawili, ila yeye hakuzika mtu.

Walipofungasha na kuondoka, baada ya Azimio, nilichuma mumunye la mwisho lililoachwa likomae. Mbegu nilizificha. Nyama yake niliipika, ikawa tamu kweli, na hilo ndilo lililonidanganya. Tunda lilikuwa jema na mbegu ndani yake imeshabeba kitu kingine. Watu husema mumunye huharibikia ukubwani. Langu lilikuwa limeharibika kabla halijaota.

Nikarudi Handeni kwa mama yako. Kaka yako Rajabu alikuwa na miaka saba, wewe mitatu. Hatukukaa, tukaambiwa wote tusogee huku barabarani tuanzishe kijiji cha ujamaa. Tulikuja na mikeka na kuku, tukapimiwa viwanja kwa kamba ya mkonge, mlango wa huyu ukitazamana na mlango wa yule. Jirani yetu wa kushoto akawa Bibi Chiku. Hakuwa mtu wa huku. Marehemu mumewe alikuwa manamba, aliletwa kutoka mbali kukata mkonge, na yeye alimfuata huko mashambani. Mume akafa, mtoto hakupata. Mama yako ndiye aliyempelekea moto wa kwanza wa kuwashia jiko. Hilo mama yako amelisahau, au amejilazimisha kulisahau.

Mwaka wa kwanza vuli ilikataa. Shamba la kijiji lililimwa na halikuota kitu, na mashamba yetu wenyewe yalikuwa bado visiki. Hapo ndipo nilipozitoa mbegu zangu za Dindira. Nilikusanya vyungu vilivyopasuka vya kijiji kizima, madebe, karai lililotoboka, nikavipanga kwenye kibaraza chetu, nikawa namwagilia maji tuliyooshea vyombo. Yalipoota, watu walikuja kutazama. Bwana Shamba alishuka kwenye gari akaandika kwenye daftari lake. Mwenyekiti akasema mbele ya mkutano, "Igeni mfano wa Salimu." Mwezi huohuo nikachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Nilitembea kifua mbele, mwanangu, kwa sababu ya vyungu kumi na kimoja.

Alama ya kwanza niliiona na nikaifurahia. Mimea ya Memsabu ilisimama, yangu ilitambaa. Ilishuka kwenye vyungu, ikazunguka nguzo, ikaanza kupanda juu ya paa. Nikasema ardhi ya Handeni ina nguvu. Rajabu aliipenda kuliko hata mimi. Alijua idadi ya maua ya kila chungu, na jioni aliniletea habari kama karani. Nilimpa ule unyoya awe anagusa maua. Alishika pumzi kila alipogusa, asije akayapeperusha.

Bibi Chiku alikuwa na desturi moja ambayo watu waliicheka. Kila tunda la mtambao, liwe tango, boga au mumunye, alilikata kichwa, akagusisha ulimi, akasubiri, ndipo akalipika. Alisema kwao hata bibi harusi hufundishwa hivyo. Siku nilipochuma mamumunye ya kwanza, watu wamejaa kibarazani kunipongeza, akaomba moja. Akalikata ncha, akalamba, akasubiri. Kisha akatema mchangani, akatema tena, akasukutua mdomo kwa maji ya kata.

"Baba Rajabu," alisema, "hiki si chakula. Hiki kitaua mtu."

Uso ukaniwaka moto. Mimi balozi, mimi niliyeandikwa na Bwana Shamba, naambiwa hivi na kizee cha mkonge mbele ya nyumba zangu kumi! Nikacheka kwa nguvu.

"Bibi, umesahau uko wapi. Huku sisi tunakula mchunga."

Wote wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Wewe unaujua mchunga, mboga ile ya majani machungu, umekula tangu utotoni, unajua tunavyojivunia kuula na tunavyowacheka wageni wakikunja nyuso. Tumelelewa kuamini kwamba kichungu ni dawa na kwamba anayekikataa ni mwana deko. Mtu wa kwingine angeonja mumunye lile akalitupa kwa mbuzi. Sisi uchungu kwetu ni sifa. Bibi Chiku hakucheka. Alinisogelea, akasema taratibu, na hili walilisikia wachache au hawakulisikia kabisa: "Mchunga naujua, baba. Uchungu wa mchunga unapita. Huu unakaa. Tafadhali usiwape watoto."

Nikamwambia asante, bibi. Nikampa mama yako mamumunye apike.

Aliyapika kwa karanga, karanga za mwisho ndani ya nyumba. Nayaona mpaka leo, yamelala kwenye bakuli, kijani kizuri. Mama yako alionja akasema, "Baba Rajabu, mboga hii ina uchungu wa ajabu." Nikamwambia aongeze chumvi. Rajabu alitia tonge mdomoni, macho yakamtoka machozi. Alinitazama, akameza. Wewe uliyekuwa mapajani mwangu ulitia tonge lako, ukalitema lote kwenye shuka yangu safi.

Nilikuchapa. Kofi la mgongo, si kubwa, lakini nilikuchapa, na mbele ya mama yako nikasema, "Katika nyumba hii hakuna mtu anayetema chakula. Watu wanalala njaa." Ulilia, ukakataa, ukafunga mdomo kwa mikono miwili. Nikasema muacheni alale njaa, na wewe ukalala njaa. Mama yako alikula matonge mawili. Mimi nilikula zaidi, kwa ukaidi. Na Rajabu, alipoona nimekasirika, akavuta bakuli lako. "Baba, mimi nitakula na ya Zuhura," alisema. Akala yake na yako. Alikuwa akimeza kwa maji, tonge kwa tonge, akinitazama kama ninaona. Niliona. Nikampiga bega nikamwambia, "Huyu ndiye mwanamume."

Hilo ndilo neno la mwisho jema nililomwambia mwanangu akiwa mzima.

Sitakueleza siku mbili zilizofuata. Tulitapika wote watatu, lakini mimi na mama yako tulikuwa watu wazima, na hatukuwa tumekula sana. Rajabu alikuwa mtoto wa mwaka wa njaa, hana akiba mwilini. Nilimbeba kwa baiskeli mpaka zahanati. Walimpa walichokuwa nacho. Aliniuliza njiani, "Baba, nani atagusa maua?" Nikamwambia wewe, kesho. Wewe, Zuhura, ulikuwa mzima wa afya, unacheza na kuku. Watu walikutazama wakasema Mungu amemwachia mmoja. Ulikuwa mzima kwa sababu ulitema.

Sasa ndipo penye jambo lenyewe, na hapa nitaandika polepole.

Siku ya tatu ya matanga maneno yakaanza. Si kwangu, yalianza kwa wanawake kisimani, yakafika kwa mama yako, yakarudi kwangu yameshakomaa. Kizee yule alisema nini? "Kitaua mtu." Nani alimwambia? Kwa nini alitema mate mara mbili kwenye kibaraza cha watu? Mwanamke asiye na mtoto, jicho lake kwa mtoto wa mwenzake! Mama yako alikuwa nusu mtu kwa huzuni, na mtu wa namna hiyo ukimpa jina la kushika analishika. Alishika jina la Bibi Chiku.

Tuliitwa ofisini. Ilikuwa banda la makuti, mwenyekiti mezani, watu wamejaa mpaka nje. Mwenyekiti akaniuliza, "Balozi, ulisikia kwa masikio yako huyu mama akisema kitaua mtu?"

Nikasema, "Nilisikia."

Bibi Chiku alikuwa amesimama, ameshika ncha ya kanga yake. Hakulia. Alinigeukia mimi peke yangu. "Baba Rajabu, sema na lingine."

Alitaka niseme kwamba alionja. Kwamba alitema kwa sababu ya uchungu. Kwamba aliniomba, tafadhali, usiwape watoto. Neno moja lingetosha. Lakini ningelisema, lingefuata swali: na wewe ukafanyaje? Mama yako alikuwa amekaa pale chini, kichwa kimefunikwa. Nikasema, "Sina lingine."

Ukiondoa maneno hayo mawili, sikusema uongo siku ile, Zuhura. Kila kingine nilichotamka kilikuwa kweli. Ukiwa mwalimu utakutana na watu wa namna yangu, wanaosema kweli nusu na kukaa chini. Wachunguze sana.

Serikali haiandiki mambo ya uchawi, kwa hiyo kukahitajika karatasi ya namna nyingine. Mwenye mwandiko mzuri alikuwa mimi. Nikaandika kwamba mama huyu ameomba kuhama kijijini kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Nililiandika neno hilo kwa mkono huuhuu. Akashikwa kidole kikachovywa wino. Asubuhi yake vyombo vyake vilikuwa barabarani, vyungu viwili na mkeka, na lori la mkonge likampakia kuelekea Korogwe. Mama yako alisimama mlangoni akamtazama akienda, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilala.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumwagilia vyungu. Nilikuwa nimevitelekeza. Chini ya majani nikakuta tunda lililokomaa bila kuchumwa, na halikuwa mumunye. Lilikuwa la mviringo, dogo, lenye mistari ya kijani na njano, na chunjua mwili mzima. Nililijua. Vya aina hiyo nilivifuta vumbi kila wiki kwa miaka minne, kwenye bakuli la Memsabu. Nikakata tunda changa la shina hilohilo, nikagusisha ulimi kama alivyofanya yule bibi, nikasubiri. Uchungu ule haukupita. Ulikaa mpaka jioni, nikatapika nyuma ya nyumba kama mbwa.

Nilichukua mpini wa jembe nikavunja vyungu vyote kumi na kimoja. Watu walikuja mbio, wakanishika mikono, wakasema huzuni ya baba hiyo, muacheni. Nikaacha waseme. Siku hiyo nilikuwa najua kila kitu, mashahidi wamesimama mbele yangu, nami nikaacha waseme.

Na mbegu zikatawanyika. Hilo sikulifikiria. Kila masika tangu mwaka ule huota mahali: kwenye jalala, kando ya choo, chini ya ukuta. Umewahi kuniuliza kwa nini mvua zikianza naamka kabla ya kila mtu na kuzunguka nyumba nimeinama. Ulisema natafuta uyoga. Natafuta miche hiyo. Naing'oa, naichoma. Mwaka juzi sikuuona hata mmoja, nikasema imekwisha. Kumbe ilikuwa imehamia kwake. Imekwenda kuota ndani ya nyumba ya mwanamke niliyemfukuza, ikapanda ukuta wake, ikazaa, ikangoja mtu. Na mtu aliyekwenda ni wewe. Mimi si mtu wa ushirikina, lakini jana, kopo likiwa mkononi mwako, nilisikia baridi ya Dindira mgongoni.

Kuna mambo mengine mawili, nisiyaache.

Ulipokuwa na miaka tisa mlikuwa mnarushia mawe lile gofu wewe na wenzako. Mkirusha mnasema, "Mchawi, toka!" Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni, jiwe lako likapiga kizingiti. Uligeuka ukaniona, ukadhani nitakuchapa. Nikaingia ndani. Nilikuchapa ulipokuwa na haki, na ulipokuwa na kosa lililotokana na mimi nikaingia ndani.

La pili. Miaka minne iliyopita nilikwenda Korogwe kwa mambo ya pembejeo za kijiji. Nikapita Korogwe ya zamani, upande wa mtoni. Kando ya njia alikuwa amekaa mwanamke mzee juu ya gunia, anauza mafungu ya mchunga. Amepinda mgongo. Nilimjua kabla sijamfikia, na nikakaza mwendo. Akainua uso. "Baba Rajabu, hujambo?" Hakuna mtu aliyeniita jina hilo tangu siku ile ya ofisini. Kwa watu mimi ni Balozi, au Baba Zuhura. Nami mtu mzima, ambaye ilinipasa kumwambia shikamoo, nilipita kama sijasikia. Nikasikia nyuma yangu akimwuliza mwenzake, "Au siye?" Yule mwenzake akamwita jina lake, ndiyo maana nina hakika.

Tangu ukiwa mdogo nimekuimbia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri na sitaki kuikosoa. Ila katika nyumba yetu aliyesikia la mkuu ni Rajabu. Kama kuna kitu nakutakia huko uendako, ni ule mdomo uliofungwa kwa mikono miwili. Mimi nilijaribu kuufungua. Nashukuru sikuweza. Ukiwa na watoto arobaini mbele yako darasani, na mmoja akakutemea somo lako, mwulize kwanza ameonja nini.

Sasa ninachokuomba, na unaweza kukataa. Kesho kituoni nitakunong'oneza ufungue kopo siku hiyohiyo ufikapo, usingoje mvua. Ukishasoma, nenda Korogwe ya zamani, upande wa mtoni, uliza mzee anayeuza mchunga. Akiwa hai, mwamkie, kaa naye chini, msomee barua hii yote. Yeye hajui kusoma; karatasi ya kwanza niliyomwandikia aliwekeshwa alama ya kidole bila kuijua. Hii aijue neno kwa neno. Usiruke mahali pa kofi, na usiruke mahali niliposema sina lingine. Mambo ya msamaha usiyataje. Sijamtuma mtu kuomba kitu.

Mama yako bado hajui. Basi likishaondoka, tukirudi nyumbani, nitamweleza, na nikishamweleza yeye nitakwenda ofisini kwa mwenyekiti. Kwa hiyo unaposoma hapa, amekwisha kujua. Miaka kumi na miwili amelala usingizi juu ya jina la mtu mwingine, na mimi ndiye nitakayeuondoa. Sijui atalala wapi baada ya hapo. Huenda akaenda kwa kaka zake. Huenda akabaki, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, abaki anipikie na asinitazame. Ukija likizo sijui utamkuta nani hapa. Mpango wangu haufiki mbali kuliko kesho saa sita mchana.

Nakusikia unarudi, unamtania mama yako jikoni. Amekupa mboga uonje, na najua unachofanya hata bila kukuona: unagusisha ulimi, unasubiri, ndipo unakula. Hakuna aliyekufundisha. Mama yako huwa anakucheka, halafu hugeukia sufuria ghafla, nami najua amemkumbuka Bibi Chiku.

Acha niifunge kabla hujaingia. Yule bibi akikuuliza ni nani aliyekutuma, usiseme Balozi wala usiseme Baba Zuhura, hao yeye hawajui. Mwambie ni Baba Rajabu, na kwamba alisikia alipoitwa.

Baba yako,
Baba Rajabu